Mshenga Majini: Isitiari na Istilahi katika Kueleza Trifleti kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kueleza dhana moja ya kemia ya kaboni ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza pekee: chumvi ya metali inayoharakisha mmenyuko huku ikiwa ndani ya maji, bila yenyewe kuharibiwa na maji hayo. Mfano unaotumiwa ni trifleti za skandiamu na za lanthanidi. Maneno yanayopimwa ni ya kawaida katika pwani ya Kenya. Makala yanadai kwamba istilahi ifaayo hupatikana kwa kutazama kitendo cha kitu chenyewe, si kwa kulifasiri neno la Kiingereza, na kwamba uteuzi wa neno unaweza kufichua au kuficha jambo linalohusu afya ya watu.

Utangulizi

Junda ni wadi ya eneobunge la Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, karibu na mkono wa bahari wa Tudor na mikoko yake. Maji ya mfereji hayafiki kila nyumba katika sehemu hizo, wala hayaji kila siku, na kwa hiyo visima na mikokoteni ya wachuuzi wa maji ni sehemu ya maisha. Wakazi wana msamiati mpana wa maji: kuna maji matamu, maji ya chumvi, maji ya mfereji, maji ya kisima, maji yaliyotibuka na maji yaliyotuama yakawa safi. Ni watu wanaojua, bila ya kufunzwa na mtu, kwamba chumvi si moja na kwamba maji si mamoja.

Mtoto wa Junda anapoingia shule ya upili hukutana na kemia kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini maabara haijaingia katika urasmi huo. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huyo hubeba elimu mbili za chumvi zisizosalimiana: moja ya kisimani na nyingine ya daftarini. Upande wa Tanzania hali ina nafuu kiasi, kwa kuwa sayansi ya shule ya msingi imefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, dhana zilizozuka katika kemia tangu wakati huo zimekua haraka kuliko kamusi. Trifleti zinazofanya kazi majini ni mojawapo, kwani utafiti wake wa mwanzo ulitoka mwaka 1991, mwaka mmoja tu baada ya kamusi hiyo.

Shabu, au chumvi inayoshindwa na maji

Njia fupi ya kuielewa chumvi inayoyastahimili maji ni kuanza na ile isiyoyastahimili. Pwani inayo, nayo ni shabu. Jiwe hili jeupe la kung'aa, ambalo kinyozi hulipitisha mahali wembe ulipokata na ambalo wazee hulizungusha katika mtungi wa maji yaliyotibuka, ni chumvi ya metali mbili, potasiamu na aluminiamu, zilizoungana na salfeti. Anayelionja ulimi wake hukunjamana, na Kiswahili kina neno barabara la ladha hiyo: ukakasi.

Kwa nini shabu husafisha maji? Ioni ya aluminiamu ni ndogo mno, na ina chaji chanya tatu zilizobanana mahali padogo. Kwa sababu hiyo ina njaa kali ya elektroni. Ikitiwa majini huzikamata molekuli za maji kwa nguvu, huzivuta elektroni za oksijeni yake, na hatimaye molekuli hizo huachia haidrojeni zao. Hapo maji huwa na uasidi kidogo, na aluminiamu nayo hugeuka haidroksaidi, utando mzito kama ute unaozama polepole ukiwa umenasa chembe za udongo. Mtu huyaona maji ya juu yakiwa meupe na tope likiwa chini. Kwa lugha nyingine, shabu hufanya kazi kwa kufa. Aluminiamu iliyoingia mtungini haitoki tena ikiwa ioni huru. Imekwisha kuwa tope pamoja na tope lililolinasa.

Ipo haja ya kutenganisha hapa mambo mawili ambayo neno kuyeyuka huyachanganya. Chumvi ya kupikia ikitiwa majini huyeyuka, lakini haiharibiki: maji yakikaushwa chumvi hurudi kama ilivyokuwa, na hiyo ndiyo kazi nzima ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Chokaa iliyotoka tanurini ikinyunyiziwa maji huchemka na kugeuka kitu kingine. Ya kwanza imejificha tu; ya pili imebadilika umbo na tabia. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba chumvi fulani "haiharibiki majini" huelekea kudhani kuwa haiyeyuki, ilhali trifleti zinazozungumziwa hapa huyeyuka majini kwa wepesi. Mwalimu asipolisema hilo mapema, somo lote linalofuata litaegemea ukuta mbovu.

Kichocheo, kichapuzi au mshenga?

Neno lililoenea kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika ni kichocheo. Limetokana na kitenzi -chochea, kusogeza kuni ili moto uwake zaidi, na kwa kupanuka, kuwatia watu fitina. Uzuri wa neno hili ni kwamba kijiti cha kuchochea huingia motoni kikatoka. Ubaya wake ni mkubwa zaidi. Kwanza, linaleta picha ya joto, ilhali faida kuu ya kichocheo cha kemia ni kuufanya mmenyuko utokee bila ya kuongeza moto. Hakiwashi, hutafuta njia ya bondeni pale ambapo wengine wangepanda mlima. Pili, maandishi mengi ya afya kwa Kiswahili huziita homoni za mwili vichocheo, na saikolojia nayo hulitumia neno hilo kwa jambo linaloamsha hisia. Msomaji anayekutana na vichocheo katika ukurasa mmoja hajui kama anaelezwa tezi au chupa ya maabara.

Pendekezo la kichapuzi, kutoka -chapua, lina mwendo ndani yake, lakini limekaa karibu mno na mchapuko, neno ambalo baadhi ya maandishi ya fizikia hulitumia kwa badiliko la kasi. Na hapa inafaa kukumbuka kilichoipata kimeng'enya, istilahi ya vile vichocheo vya ndani ya viumbe. Imetokana na -meng'enya, kuvunjavunja chakula, kwa sababu walioibuni walikuwa wakitazama tumbo. Lakini vipo vimeng'enya vingi ambavyo kazi yake ni kujenga: kile kinachonakili DNA hakivunji chochote, bali huunga kipande kwa kipande. Istilahi ilifungwa mlangoni pa mfano wa kwanza, ikabaki hapo. Haifai kuitupa, maana imekwisha kukomaa midomoni mwa wanafunzi. Inafaa tu kuwa onyo.

Isitiari inayokieleza kitendo hiki kwa ukamilifu zaidi iko katika utamaduni wa ndoa. Mshenga hutumwa kupeleka posa. Huingia nyumba ya watu, hukaa na wazee, hulainisha maneno, na kwa kuwapo kwake jambo ambalo lingechukua miaka, au lisingekuwa kabisa, huwa. Baada ya ndoa kufungwa, yeye si bwana harusi wala si sehemu ya nyumba mpya. Huondoka jinsi alivyokuja, na kesho anaweza kutumwa kwingine. Kemia ya kaboni, kwa sehemu yake kubwa, ni kuzioza kaboni kwa kaboni, na kaboni mbili zilizoachwa peke yake mara nyingi hukaa kando kando bila kuongea.

Aina ya mshenga inayohusika hapa ni asidi ya Lewis. Mkemia wa Marekani Gilbert N. Lewis alieleza mwaka 1923 kwamba asidi inaweza kufahamika kama kitu chochote kinachopokea jozi ya elektroni. Kwa maelezo hayo, asidi si lazima iwe na haidrojeni ya kutoa. Ioni ya metali yenye njaa ya elektroni inatosha. Ioni hiyo hulishika tawi la oksijeni katika molekuli ya aldehaidi, ikazivuta elektroni upande wake, na kaboni iliyo jirani ikabaki na upungufu. Upungufu huo ndio unaomvuta mchumba wa pili. Ndoa ikishafungwa, metali huachia na kwenda kwa molekuli nyingine.

Isitiari hii ina mpaka wake, na ni vyema kuuonyesha mpaka huo darasani badala ya kuuficha. Kichocheo huharakisha mmenyuko pande zote mbili, kwenda na kurudi. Hakibadilishi mizani ya mwisho ya mmenyuko. Hufupisha tu muda wa kuifikia. Mshenga wa namna hiyo, kama angekuwapo Kisauni, angeharakisha posa asubuhi na talaka jioni kwa bidii ileile, na hakuna mzee ambaye angemtuma mara ya pili. Mwanafunzi akicheka hapo amekwisha kuelewa jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa mbili.

Mshenga aliyesahau alikotumwa

Sasa tatizo la maji linaelezeka. Mwaka 1877 Charles Friedel na James Crafts walionyesha kwamba aluminiamu kloraidi inaweza kuunganisha minyororo ya kaboni na pete ya benzini. Njia hiyo imekuwa nguzo ya viwanda hadi leo, lakini ina masharti ya tanuri la chokaa: kila kitu kiwe kikavu. Aluminiamu kloraidi ikikutana na maji hutoa moshi mkali wa haidrojeni kloraidi na kugeuka tope lilelile la shabu. Hata pasipo maji, katika baadhi ya kazi zake huling'ang'ania zao la mmenyuko, kiasi kwamba mkemia hulazimika kuitumia kwa wingi sawa na malighafi au zaidi, kisha mwishoni kuiua kwa maji ili aachiwe alichokitengeneza. Mshenga anayebaki nyumbani kwa maharusi hadi atolewe kwa nguvu si mshenga.

Titaniamu kloraidi, ambayo Teruaki Mukaiyama wa Japani aliitumia mwaka 1973 katika mmenyuko mashuhuri wa kuunganisha kaboni na kaboni unaobeba jina lake, ina kasoro hiyohiyo. Hufuka moshi hata kwa unyevu wa hewani.

Kwa isitiari iliyokwisha tumiwa, maji ni wenyeji wakarimu mno. Wako wengi, wamejaa ukumbini, na kila mmoja ana jozi ya elektroni mkononi. Aluminiamu ni mshenga aliyetoka kwao na njaa. Anakaribishwa kahawa chungu na halua, anakaa mkekani, anakula, analala, na alilotumwa halikumbuki tena. Kwa muda mrefu wanakemia waliamini kwamba kila asidi ya Lewis yenye nguvu ya kufaa ingefanya vivyo hivyo, na kwa hiyo maji yalifukuzwa maabarani kama adui.

Tokyo, 1991

Aliyeikanusha imani hiyo kwa ushahidi ni Shū Kobayashi, mwanafunzi wa zamani wa Mukaiyama, alipokuwa akifanya kazi Tokyo. Mwaka 1991 alichapisha matokeo ya kutumia trifleti za lanthanidi, hasa ya iteribiamu, katika mmenyuko wa mwalimu wake, lakini kwa fomaldehaidi iliyo ndani ya maji. Umuhimu wa hilo unahitaji maelezo. Fomaldehaidi ni gesi, na huuzwa ikiwa imeyeyushwa majini kwa jina la fomalini, dawa ileile inayohifadhi vielelezo vya viumbe katika chupa za maabara za shule. Mkemia aliyetaka kuitumia pamoja na asidi za Lewis za zamani alilazimika kutengeneza gesi kavu kwa joto na usumbufu. Kobayashi aliichukua fomalini kama ilivyo dukani, akatia chumvi ya iteribiamu, na kaboni zikaungana. Kwa mbinu hiyo, ndoa ilifungwa katikati ya maji.

Miaka miwili baadaye, 1993, skandiamu iliingia katika kundi hilo, na mara nyingi ikawa na nguvu kuliko lanthanidi. Jambo lililowavutia watu wa viwanda, pengine kuliko nguvu hiyo, ni urejeshaji. Mmenyuko ukiisha, zao la kaboni hutenganishwa na maji, na chumvi hubaki majini. Maji yakivukizwa chumvi hurudi, nayo hutumika tena. Ni Gongoni ndogo ndani ya chupa.

Mwaka 1998 Kobayashi na wenzake walieleza ni metali zipi zinazoweza kazi hii na kwa nini. Waliangalia vipimo viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni wepesi wa ioni kuyavunja maji yaliyoishika. Isiwe mwepesi kama aluminiamu, na pia isiwe mvivu kiasi cha kukosa uasidi wowote. Cha pili ni kasi ya kubadilishana molekuli za maji zilizoizunguka, ambayo waliona inapaswa kuzidi takribani milioni 3.2 kwa kipimo cha sekunde. Hiki cha pili ndicho kiini cha somo. Ioni ya aluminiamu, yenye nusu kipenyo cha pikomita 54 hivi, ikishaishika molekuli ya maji hukaa nayo kwa wastani wa karibu sekunde nzima. Kwa binadamu hiyo ni kufumba na kufumbua. Kwa molekuli ni umri mzima. Iteribiamu, yenye pikomita 87 hivi, ina mwili mpana unaoitawanya chaji yake, na lanthanidi kwa ujumla huyabadilisha maji hayo kati ya mara milioni kumi na mara bilioni moja kwa sekunde. Haiyakatai maji. Huyapokea na kuyaachia, huyapokea na kuyaachia, na katika kupokezana huko aldehaidi hupata nafasi ya kushikwa. Mshenga huyu hunywa kahawa funda moja, akainuka, akasema alilotumwa.

Orodha yao haikuwa ya metali adimu pekee. Shaba, zinki na chuma cha chaji mbili vilimo pia, kama ilivyokuwa risasi na kadimiamu, ambazo sumu yake inatosha kuziweka kando.

Sehemu ya pili ya jina nayo ina kazi. Trifleti ni ioni hasi yenye kaboni moja, florini tatu, salfa moja na oksijeni tatu. Asidi yake ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1954 na ni mojawapo ya asidi kali kabisa zinazojulikana. Kwa kuwa asidi mama ni kali, ioni inayobaki haina hamu ya kushikamana na yeyote, na huiacha metali huru kufanya kazi. Florini zake huzizoa elektroni na kuzifungia ndani. Ni mwenzi asiyeuliza mshenga anarudi saa ngapi.

Ardhi adimu, au udongo usiokuwa adimu

Lanthanidi na skandiamu huwekwa katika kundi ambalo vyombo vya habari vya Kiswahili huliita "madini ya ardhi adimu". Wasomaji wa pwani walilisikia sana mwaka 2013 kuhusu Kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale, wakati serikali ya Kenya ilipofuta leseni ya kampuni ya Cortec iliyotaka kuchimba niobiamu na metali hizo katika msitu huo wa kaya. Kampuni ilipeleka dai mbele ya jopo la usuluhishi la Benki ya Dunia, na mwaka 2018 ikashindwa.

Istilahi hiyo ni fasiri ya neno kwa neno, na ina makosa mawili. Wanakemia wa Ulaya wa karne ya 18 waliita "ardhi" unga wowote usioyeyuka kwa moto wa kawaida. Chokaa yenyewe ilihesabiwa humo. Hawakuwa wakizungumzia ardhi ya kulima wala ya hatimiliki. Na adimu pia sivyo: seriamu, mmoja wa jamaa hao, ina wingi unaokaribiana na wa shaba katika gamba la dunia. Kinachoadimika ni mahali zilipokusanyika kwa wingi wa kuchimbika, na wepesi wa kuzitenganisha, kwa sababu zinafanana kama pacha. Kijiji kimoja cha Uswidi, Ytterby, kiliyapa elementi nne majina yake (itriamu, iteribiamu, teribiamu na eribiamu) kwa sababu jiwe moja la hapo liliendelea kutoa ndugu wapya kila lilipochunguzwa upya. Kwa mtazamo huo "metali pacha" lingekuwa neno la kweli zaidi kuliko "ardhi adimu", ingawa yamkini limechelewa.

Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha aliyefariki mwaka 2017 na ambaye hutajwa sana kuwa mwasisi wa neno runinga, alishikilia kwamba istilahi itafutwe kwanza katika lahaja kabla ya kukopa. Msimamo huo umepingwa na wanaoona kwamba maneno ya namna hiyo huwalemea wasomaji wa bara, na pingamizi lao lina uzito: si rahisi kumtaka mwanafunzi wa Kisumu ajue Kibajuni ili asome kemia. Lakini maneno yanayohitajika hapa hayako kisiwani. Shabu, ukakasi, mshenga, na matatu yanayofuata, yanafahamika kuanzia Lamu hadi Kigoma.

Thabiti, stahimilivu, sugu

Kiingereza kina neno moja kwa chumvi hii inayokaa majini bila kuvunjika. Kiswahili kina angalau matatu yanayoweza kulibeba, na hayalingani.

Thabiti ni kitu kisichotikisika: mtu thabiti, hoja thabiti. Lingefaa kwa jiwe. Lanthanidi majini haiko hivyo. Inatikisika mara milioni kadhaa kwa sekunde, na wepesi huo ndio unaoiokoa. Aliyekaa thabiti ni aluminiamu na molekuli zake za maji, naye ndiye aliyeshindwa. Atakayeandika "chumvi thabiti majini" atakuwa amesema kinyume cha kemia kwa Kiswahili fasaha.

Stahimilivu ni mwenye kupata taabu akaendelea na kazi. Ndani yake mna maji, mna shida na mna kazi isiyokoma. Hili ndilo neno la metali, na makala haya yanapendekeza asidi stahimilivu majini kwa kundi zima, na kichocheo stahimilivu pale inapokuwa lazima kulitumia kichocheo. Istilahi hizi zina urefu, lakini zinajieleza.

Sugu ni kitu kilichokataa kuondoka. Kuna ugonjwa sugu, kuna deni sugu, na watu wa afya wamekwisha kulizoesha umma usugu wa dawa. Neno hili lina lawama ndani yake, na lawama hiyo inahitajika, kwa sababu metali ni nusu tu ya chumvi hii. Nusu ya pili, ioni ya trifleti, nayo haivunjwi na maji, wala na jua, wala kwa wepesi na bakteria. Vifungo vya kaboni na florini ni miongoni mwa vilivyo imara kabisa katika kemia ya kaboni. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani waliripoti kuiona asidi ya trifliki katika mzunguko wa maji, nje kabisa ya maabara, na fasili pana iliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) inaiingiza katika ukoo mkubwa wa kemikali za florini ambazo magazeti huziita "kemikali za milele". Katika ukoo huo trifleti ni mmoja wa wadogo kabisa kwa umbo, na kwa hiyo ni mwepesi kusafiri na maji.

Kwa zaidi ya miaka thelathini chumvi hizi zimesifiwa kama njia safi ya kemia, na sifa hiyo ina haki yake: maji badala ya viyeyushi vyenye sumu, gramu chache badala ya kilo, na urejeshaji badala ya tope la aluminiamu. Lakini sifa na lawama zilibebwa na neno lilelile la Kiingereza. Kilichoitwa kizuri katika chupa ndicho kilichokuwa kibaya mtoni, na aliyesoma kwa lugha hiyo peke yake hakuonyeshwa mahali jambo moja linapokwisha na jingine kuanza. Kiswahili kinaweza kusema kwa sentensi moja kwamba chumvi hii ina metali stahimilivu na ioni sugu, na msikilizaji akajua papo hapo ni ipi ya kushangilia na ipi ya kuulizia. Wapo watafiti wanaojaribu sasa kuziweka metali hizi pamoja na ioni nyingine zisizo na florini, au kuzifunga juu ya plastiki na mawe ili zisitoke kabisa katika chombo; kwa istilahi hizi mbili lengo lao linaelezeka bila maelezo marefu: ustahimilivu ubaki, usugu uondoke.

"Kemikali za milele", kwa upande wake, ni fasiri nyingine ya neno kwa neno. Milele katika Kiswahili ni neno la ibada na la viapo vya mapenzi. Likiwekwa juu ya uchafu wa maji hutisha bila kueleza, na tena humfanya msikilizaji akate tamaa, kwani nani apambane na umilele? Lililo sugu hupambanwa nalo. Hutafutiwa dawa nyingine.

Mwalimu wa Kisauni anayetaka kulitumia somo hili hahitaji skandiamu, ambayo ni ghali. Shabu ya thamani ya shilingi chache, gilasi mbili, maji ya kisima yaliyotibuka na karatasi ya kupimia uasidi vinatosha kuonyesha metali inayoshindwa na maji: gilasi yenye shabu itasafika, na karatasi itaonyesha uasidi ambao maji hayo hayakuwa nao. Baada ya hapo inaweza kuulizwa gilasini kungetokea nini kama metali ingekuwa kubwa zaidi na yenye mikono myepesi, na darasa litafika lenyewe kwenye mshenga wa Tokyo. Swali la mwisho la somo ni la maji ya juu, yale meupe. Shabu hunasa udongo, na pamoja na udongo hunasa sehemu ya vijidudu, ndiyo maana maji yake bado huchemshwa. Ioni ndogo iliyoyeyuka kama trifleti haina tope la kushikwa nalo, hupita katikati ya utando wa aluminiamu bila kuguswa. Kuchemsha nako hakuivunji, bali huipunguzia maji na kuiacha imekolea zaidi. Kinachoweza kuizuia ni chujio la utando wa shinikizo, la aina ileile inayotoa chumvi katika maji ya bahari.